Mbung'o, Amri na Ngitili: Karne Moja ya Wataalamu Shinyanga

Mwaka 1925 jarida la utafiti wa wadudu linalotolewa London lilichapisha ripoti ya Charles Swynnerton kuhusu jaribio la kupambana na mbung'o Shinyanga. Swynnerton alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, kazi aliyopewa na Waingereza mwaka 1919 walipoichukua nchi kutoka kwa Wajerumani. Ripoti yake ilihusu Wasukuma waliotoka kwa wingi na mashoka kufyeka pori, ili mdudu yule akose kivuli. Ilihusu pia moto: nyasi zisichomwe mapema kama ilivyokuwa desturi, zisubiriwe zikauke kabisa, ndipo ziwashwe mwishoni mwa kiangazi, moto uwe mkali kiasi cha kuua vichaka.

Miaka kama sitini baadaye Mwalimu Nyerere alipita katika mkoa huohuo akakuta vumbi na makorongo. Kuni zilikuwa zinafuatwa mbali, na ng'ombe walikuwa wanalamba ardhi. Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa kazi moja kubwa: kurudisha miti.

Mahali pamoja, basi, serikali moja ilituma wataalamu kuondoa miti na nyingine ikatuma wataalamu kuirudisha, na kila mmoja wao alikuja na vipimo, ramani na hoja nzuri. Si haki kumaliza jambo hili kwa kusema wataalamu wa zamani walikuwa wajinga. Swynnerton alikuwa mtu mwenye jicho kali la porini, na mengi aliyoyaona yalikuwa kweli. Ninachodai ni kingine: mamlaka ina tabia ya kuchukua kwenye sayansi ile sehemu inayofanana na amri, na kuiacha ile inayowataka wakubwa wakae chini na kusikiliza. Ardhi ndiyo hulipa gharama ya uchaguzi huo, na baada ya ardhi hulipa wafugaji na wakulima.

Tuanze na mbung'o mwenyewe, ambaye wengine humwita ndorobo. Anaishi kwa damu. Anahitaji kivuli cha vichaka ili asikaushwe na jua, na anahitaji wanyama wa kunyonya, kama ngiri, nyati na pongo. Humwambukiza binadamu malale na ng'ombe nagana. Ukifyeka vichaka anaondoka, ukiwamaliza wanyama anakufa njaa, na watu wakikaa kwa wingi mahali pamoja wakalima, wakachunga mbuzi wanaokula machipukizi na kuchoma nyasi kila mwaka, anasogea mbali bila mtu yeyote kutangaza vita naye. Mpaka kati ya makazi na pori ulikuwa unalindwa na maisha ya kila siku.

Mpaka huo ulivunjika katika miaka ya 1890. Sotoka iliingia kutoka kaskazini na kufika nchi yetu mwaka 1891, ikaua sehemu kubwa mno ya ng'ombe, pamoja na nyati na wanyama wengine wa porini. Njaa na ndui vikafuata, kisha vita vya Wajerumani vya kuiteka nchi. Watu wakafa na wengine wakahama. Kwanza mbung'o naye alipungua, maana wanyama aliowategemea walikuwa wamekufa. Lakini wanyamapori walirudi haraka kuliko ng'ombe, na pori likarudi haraka kuliko watu. Mkoloni Mwingereza alipowasili alikuta nchi imejaa vichaka na mbung'o, akaamini kwamba hivyo ndivyo Afrika ilivyokuwa tangu mwanzo. Alichokiona kilikuwa mabaki ya maafa yaliyotokea miaka thelathini tu iliyopita.

Hoja hii ililetwa kwa nguvu na vitabu viwili. Kimoja ni cha John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi hiyo Afrika kwa miaka mingi, kilichotoka mwaka 1971. Kingine ni cha Helge Kjekshus, Mnorwei aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichotoka mwaka 1977. Kjekshus alikosolewa kwamba ameipamba mno Tanganyika ya kabla ya ukoloni, kana kwamba hapakuwa na njaa wala vita, na ukosoaji huo una uzito wake. Kiini cha hoja hata hivyo kimesimama: wenyeji walikuwa na namna zao za kuishi na mdudu yule, na namna hizo zilivunjwa na historia, si na uzembe.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba Swynnerton alilijua jambo hili mapema. Kabla ya kuja Tanganyika alikuwa na shamba mpakani mwa Rhodesia Kusini na Msumbiji, na mwaka 1921 ilichapishwa ripoti yake ndefu kuhusu mbung'o wa Mossurise, upande wa Msumbiji. Humo alieleza habari za Mzila, mfalme wa Gaza wa karne ya 19. Mzila aliwakusanya watu wakae kwa wingi katika eneo lililokuwa la mbung'o. Walilima, wakachoma moto, wakawinda wanyama wakubwa, na nchi ikawa ya ng'ombe. Mwaka 1889 mrithi wake, Gungunyana, alihamia kusini na watu wengi, vichaka vikarudi, na mbung'o akarudi navyo. Swynnerton aliyapata haya kwa kuwahoji wazee na kuikagua ardhi yenyewe. Mwanasayansi wa kizungu alijifunza namna ya kumdhibiti mbung'o kutokana na kazi ya mfalme wa Kiafrika, na akaiandika.

Mzila hakuwa mtawala mpole. Alikuwa mshindi wa vita, na watu aliwahamisha kwa nguvu. Tofauti yake na maafisa waliofuata ni kwamba mifugo yake mwenyewe ilikuwa palepale. Ng'ombe wa mfalme walikunywa maji ya mto uleule na kuumwa na mdudu yuleyule, kwa hiyo uamuzi ukiwa mbaya ungemrudia kabla ya mwaka kuisha. Afisa wa mkoloni aliyekosea alipandishwa cheo akahamishiwa Nyasaland.

Serikali ya Tanganyika ilichukua nini kutoka kwa Swynnerton? Ilichukua ufyekaji na kuwakusanya watu. Kazi ya pamoja ya kufyeka, ambayo mwanzoni ilifanywa kwa makubaliano na watemi, ikawa sera. Watu wa sehemu zenye malale walihamishiwa kwenye makazi yaliyopangwa, na pori walilotoka likaachiwa wanyama. Lile somo la Mossurise, kwamba wenyeji wanaijua nchi yao na wamewahi kuitawala ikolojia yake, halikupata ofisi ya kuliweka wala bajeti ya kuliendesha. Lilibaki kwenye makabati.

Swynnerton alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege, lakini idara ya utafiti wa mbung'o aliyoijenga Shinyanga iliendelea. Kati ya 1945 na 1950 warithi wake walifanya jaribio jingine: waliua maelfu ya wanyamapori katika eneo lililochaguliwa, ili kuona kama mbung'o angetoweka kwa kukosa damu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1952. Hii ilikuwa serikali ileile iliyowafunga Waafrika kwa kosa la kuwinda swala wa kitoweo. Bunduki ya mtaalamu iliitwa utafiti na upinde wa mwanakijiji ukaitwa ujangili, na aliyeamua jina lipi limwangukie nani alikuwa yuleyule mwenye gereza.

Yaliyotokea Uganda yalikuwa mazito zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria. Gavana Hesketh Bell akaamuru watu wahamishwe kutoka mwambao. Daktari Robert Koch, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alitumwa na serikali ya Ujerumani. Alipitia Amani na Mwanza, kisha akaweka kambi visiwa vya Ssese, ambako wagonjwa walikuwa wengi. Dawa aliyowapa iliitwa atoksili, na ndani yake mlikuwa na aseniki. Koch alipoona haiponyi aliongeza kipimo, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Kama wagonjwa wale wangekuwa Berlin, wangekuwa na ndugu wa kuuliza, gazeti la kuandika na wakili wa kushitaki. Ssese hapakuwa na wa kumwambia profesa basi.

Turudi Usukumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Wataalamu wa kilimo walipiga hesabu ya kaya moja: watu wangapi, ng'ombe wangapi, eka ngapi za kulima na ngapi za malisho. Hesabu hiyo ikageuzwa kuwa sheria ndogo. Matuta yachimbwe kwa namna hii, pamba ing'olewe na kuchomwa kabla ya tarehe fulani, mifugo ipunguzwe kila mwaka, na asiyetii atozwe faini au afungwe.

Mtu anaweza kusema matuta ni kitu kizuri, na mimi nakubali. Tuta huzuia maji yasikimbie na udongo. Lakini mkulima aliyelazimishwa kuchimba tuta kwa mtutu wa faini hulichimba afisa akiwa anatazama, na uhuru ukija hulisawazisha kwa furaha. Ndivyo ilivyokuwa. Hasira juu ya matuta na upunguzaji wa mifugo zilikuwa kuni kavu za siasa Usukumani, na serikali ililiona hilo. TANU ilipoanza mwaka 1954 ilinyimwa ruhusa ya kufungua matawi huko hadi 1958. Uluguru nako watu walikataa matuta, na mwaka 1955 pakatokea ghasia. Hifadhi ya udongo, jambo ambalo kila mkulima wa mlimani angelipenda, ilichafuliwa jina na namna ilivyoletwa. Baada ya uhuru ilikuwa vigumu kwa miaka mingi kumshawishi mtu achimbe tuta, kwa sababu tuta lilikumbusha bwana shamba aliyekuja na askari.

Sayansi yenyewe ya upunguzaji wa mifugo ilisimama juu ya wazo moja: kwamba kila eneo lina idadi kamili ya mifugo linayoweza kuibeba, na ukizidisha nyasi zinakwisha na jangwa linaingia. Wazo hili lilitoka kwenye nchi ambazo mvua yake haibadiliki sana. Mwaka 1988 James Ellis na David Swift, waliokuwa wakichunguza Waturkana wa Kenya, walionyesha kwamba katika nyanda kame mvua ndiyo inayotawala. Ukame wa miaka miwili huua mifugo mingi kabla nyasi hazijamalizwa na midomo ya ng'ombe. Mvua ikirudi, malisho hurudi. Katika nchi ya namna hiyo, mfugaji anayehama na anayeweka mifugo mingi wakati wa neema anaweka akiba, na idadi iliyoandikwa ofisini inamwondolea akiba hiyo. Utafiti huo uliwapa hoja wale waliokuwa wanasema siku nyingi kwamba mfugaji si adui wa ardhi, ingawa wapo wanaikolojia wanaosema, kwa haki, kwamba hali si ileile kila mahali na kwamba kuna sehemu ambazo malisho kweli yamemalizwa na mifugo.

Uhuru ulipokuja, amri hazikwisha. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na ifikapo mwisho wa 1976 wote wawe wamehamia. Operesheni Vijiji ilipita Shinyanga kwa kishindo mwaka 1974. Nia ilikuwa njema na sitaificha: shule, zahanati na maji vingewafikia watu waliokaa pamoja. Lakini Wasukuma walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Mwenye kaya hufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, hakiguswi hadi kiangazi kikali, halafu hufunguliwa wakati nyasi zimekwisha kila mahali. Kuna ngitili za kaya na kuna za kijiji. Operesheni ilipowang'oa watu kwenye makazi yao ya zamani iliwatenganisha na ngitili zao. Ardhi iliyokuwa na mwenyewe ikawa ya wote. Pamba ikaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, na miti ikaendelea kukatwa kwa kuni na kujengea. Hadi kufikia 1986 ngitili zilizorekodiwa mkoa mzima zilikuwa hekta kama 600.

Mtu aliyetoa amri ya vijiji ndiye aliyeshtuka alipoliona jangwa, na ndiye aliyetaka mradi wa kulizuia. Kiongozi anayetazama matokeo ya sera yake na kubadilika ni bora kuliko anayefunga macho, na Mwalimu anastahili heshima kwa hilo. Ila hatua ya kwanza ya HASHI ilikuwa bado ya mtindo uleule. Vilianzishwa vitalu vya miche, miti mingi ikiwa ya kigeni, na wanakijiji wakaambiwa wapande. Miche mingi ilikufa. Mkoa hupata mvua kidogo na za kubahatisha, na mche unaoletwa kwa gari hauna mizizi ya kungoja mwaka mbaya.

Ndipo baadhi ya maafisa wa mradi walipofanya kitu ambacho hakikuwa kimefanywa kwa miaka sitini. Waliwauliza wenyeji ni miti gani wanaitaka, wanaitakia nini, na zamani walifanyaje. Majibu yalielekea kwenye ngitili. Na hapa ikolojia iko upande wa wazee. Udongo wa Shinyanga ulionekana mtupu, lakini chini yake mlikuwa na visiki na mizizi iliyokuwa hai bado, na mbegu zilizokuwa zinangoja. Mti wa asili uliokatwa huchipua ukipumzishwa. Migunga huangusha maganda yake kiangazi, ng'ombe na mbuzi huyala, na mbegu zilizopita tumboni hutoka kwenye kinyesi zikiwa tayari kuota. Kazi kubwa ya mwanzo ilikuwa kuacha kugusa, na hakuna kitalu cha serikali kinachoweza kushindana na hazina iliyoko ardhini tayari.

Simama ukingoni mwa ngitili mwezi Agosti. Upande mmoja ardhi imekwanguliwa, alama za kwato zimegandamana, na upepo unabeba vumbi. Upande wa pili nyasi zimesimama hadi magotini, kavu, rangi ya mkeka mkuukuu. Mara nyingi hakuna uzio. Mpaka ni njia ya miguu au safu ya miti, na kila mtoto anayechunga anaujua. Siku ya kufungua, hawaingii ng'ombe wote. Ndama huingia, na maksai wa kukokota jembe, na ng'ombe wagonjwa. Maksai wakidhoofika mwezi huu, mvua za Novemba zikija hakuna wa kulima, na njaa ya mwaka ujao imekwishaanza. Ngitili ni kalenda ya kilimo iliyoandikwa kwenye nyasi.

Ulinzi wake ulikuwa wa wenyewe. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, liliweka adhabu, na sungusungu, jeshi la jadi lililozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, lilikamata waliochungia mahali palipofungwa. Serikali za vijiji zikatunga sheria ndogo zilizofuata taratibu hizo. Norway ilitoa fedha, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto chenye makao Nairobi kikaleta watafiti, na watafiti hao wakapima kile ambacho watu walikuwa wanafanya. Mradi ulipofika mwisho, mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimefikia zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta mjini Johannesburg. Tathmini ya uchumi iliyofanywa wakati huo ilikadiria faida ya ngitili, kwa kuni, dawa, asali, malisho, nyasi za kuezekea na matunda, kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50.

Sayansi iliyofanya kazi Shinyanga ilikuwa sayansi iliyokubali kukataliwa. Mwanakijiji aliweza kusema mti huu siutaki, na mtaalamu akarudi na mwingine. Mtafiti bado alikuwa na la kuongeza: alijua kipi kinachipua haraka, alijua kuhesabu thamani ya asali, alijua kuandika ripoti ambayo Wizara ya Fedha ingeisoma. Alikuwa mshauri ambaye ushauri wake ungeweza kuachwa. Hilo halikumpunguzia chochote.

Wako watakaonikumbusha Kondoa, na wana haki. Mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo ipatayo 90,000 kutoka kilomita za mraba 1,256 za Kondoa zilizokuwa zimeliwa na mmomonyoko, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Ilikuwa amri tupu. Na nyasi zilirudi. Vichaka vikafunika makorongo, mikondo ya mchanga ikapungua. Huwezi kupuuza hilo, na mimi silipuuzi. Lakini mifugo ile haikuyeyuka. Ilipelekwa kwa jamaa na marafiki katika maeneo ya jirani, ikaongeza uzito juu ya ardhi za wengine. Wenye ng'ombe wengi walipata pa kuwapeleka. Wenye wawili watatu waliwauza kwa bei ya kutupwa, na watoto wakakosa maziwa. Baadaye wataalamu wa udongo waliopima umri wa tabaka za milima ya Irangi, hukohuko Kondoa, waligundua kwamba sehemu ya mmomonyoko ule ilianza maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya ng'ombe wa mtu yeyote aliyehukumiwa mwaka 1979. Ardhi ilipona kweli. Mashitaka yaliyotumika kuwaondoa watu ndiyo yaliyokuwa na kasoro.

Na siyo kweli kwamba kila sayansi yenye nguvu ya serikali huumiza. Katika miaka ya 1990 mbung'o aliondolewa kabisa Unguja. Madume ya mbung'o yalizalishwa kwenye kituo cha Tanga, yakahasiwa kwa mionzi na kuachiwa kutoka angani, zaidi ya milioni nane. Majike waliopandana nayo hawakuzaa. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Ilikuwa kazi ya kitaalamu ya hali ya juu, ikafanywa na Watanzania pamoja na wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Hakuna kaya iliyohamishwa, hakuna ng'ombe aliyekamatwa, hakuna msitu uliofyekwa. Mfugaji wa Unguja alibaki na vyote alivyokuwa navyo, akaongezewa ng'ombe wenye afya.

Naandika haya kwa sababu maswali yaleyale yako mezani leo. Tangu mwaka 2022 kaya za Wamasai wa Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari, na wengi wa wafugaji na mawakili wao wanakanusha. Hoja ya serikali ni ya kisayansi: watu walikuwa kama 8,000 hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959, sasa wanazidi 100,000, na mfumo wa ikolojia hauwezi kuwabeba. Ongezeko ni la kweli. Lakini takwimu ya watu peke yake haisemi nani ahame. Magari ya watalii, hoteli za ukingoni mwa kreta na barabara navyo vina uzito juu ya ardhi ileile, na sijaona uzito huo ukiwekwa kwenye mizani moja na ule wa ng'ombe. Mahali ambapo mshitakiwa ni mfugaji tu, kipimo kimekwishapendelea upande mmoja kabla hakijasomwa.

Na Shinyanga yenyewe, pamoja na Simiyu iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, haijafika salama. Ngitili nyingi ni za kaya zenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa. Wasio na mifugo hupata kuni na nyasi kwa hisani ya jirani. Mkaa unalipa, na migodi na mashamba vinahitaji nafasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nguvu, lakini ileile inampa Rais mamlaka ya kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Ngitili isiyo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wala kwenye daftari lolote iko hatarini zaidi, kwa sababu kwenye ramani ya ofisini inaonekana kama pori tupu, lile pori tupu ambalo Waingereza waliliona mwaka 1919.

Sasa imekuja biashara ya kaboni. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kusimamia takwimu zake kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimekwisha kupokea mabilioni ya shilingi kwa kulinda misitu yao, na fedha hizo zimejenga zahanati na madarasa. Nafurahi kwa ajili yao. Mnunuzi wa kaboni hata hivyo anataka kaboni ikae pale pale mwaka mzima kwa miaka mingi, na ngitili imeumbwa ili iliwe. Mtaalamu atakayepima ngitili za Maswa au Kishapu kwa satelaiti ataona majani yanapungua Agosti, na ataandika kwamba kuna uharibifu. Hapo ndipo halmashauri na wizara zinapotakiwa kusimama upande wa kijiji. Mkataba wowote usomwe kwanza kwenye mkutano mkuu, kwa Kiswahili na Kisukuma, kaya zisizo na ng'ombe zikiwa na mgawo ulioandikwa, na uwe na kifungu kinachosema bila utata kwamba kiangazi kikifika ndama na maksai wataingia.